Hema la Mama Juu ya Landrova

Katika miaka tisa ya ndoa yangu, mama alikuwa amekuja kwangu mara nyingi mpaka mbwa akaacha kumbwekea, lakini hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Alikuwa akifika mwendo wa saa nne asubuhi kutoka Kabuchai, na ndizi zake na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Anakunywa chai uani chini ya mwavokado, anaogesha wajukuu wawe wameoga au hawajaoga, na ikifika saa tisa anasimama, anakung'uta leso, anauliza kama gari za Kimilili bado ziko. Ukimwambia abaki anakutazama kana kwamba umemwomba avue nguo barabarani.

Kwetu mama halali katika nyumba ya mkwe wake. Hali naye meza moja, hampi mkono, na akimwona anakuja kwa njia hii, yeye anakata kona kwa njia ile. Wala si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ina kazi, bana. Mume wangu, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Kati, ilimchukua muda kuielewa. Siku ya kwanza mama kututembelea alimkimbilia stejini na kumnyooshea mkono. Mama akauangalia ule mkono, akautundikia kikapu. Mume wangu alirudi nyumbani ameinamisha kichwa, ati mama mkwe hampendi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia ashukuru Mungu, mama wengine wangeacha kikapu pale pale na kutoka mbio.

Basi mwaka huo ninaousimulia, macho ya mama yakaanza kuzimika. Daktari wa macho kule Bungoma alisema ni presha ya ndani ya jicho, kwamba sehemu iliyokufa haitarudi, na dawa ya matone itachelewesha tu hiyo iliyobaki. Mama alikuwa anaona mbele moja kwa moja, kando hakuna kitu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Habari hizo aliniambia akiambua maharagwe uani kwangu, bila kuinua kichwa, na alipomaliza sahani ya kwanza akasema:

"Kuna kitu kimoja nataka kukiona kabla sijafunga duka. Asubuhi ya hapa kwako."

Nilijua mara moja kwamba anasema mlima. Au nilifikiri najua. Kule Kabuchai mlima Elgon uko mgongoni mwa nyumba, karibu mno, unaona bega tu. Kwetu, nje kidogo ya Kitale ukielekea Kiminini, umelala mzima upande wa magharibi, na jua likitoka linaupiga usoni mpaka unayaona mabonde yake moja moja. Lakini ni asubuhi tu. Mama anapofika saa nne, mawingu yameshaufunika. Kwa hivyo kuiona asubuhi ya kwangu maana yake ni kulala kwangu, na kulala kwangu hakuwezekani. Jioni hiyo nilimweleza mume wangu huku nakata sukuma, na sukuma zote zikalowa machozi.

Mume wangu alikuwa daktari wa mifugo, na alikuwa na Landrova kuukuu ambayo aliipenda kiasi kwamba mke mwenye wivu angeichoma. Wiki hiyo aliitwa kwenda kumtibu ng'ombe mmoja huko karibu na msitu, akarudi akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu. Alikuwa ameona gari la watalii lina hema mgongoni. Sio hema la kutandika chini, hapana, liko juu ya keria kabisa, watu wanapanda ngazi, wanalala huko kama kuku. Alinieleza akizunguka meza. Kisha akasimama.

"Mama hawezi kulala ndani ya nyumba yangu," akasema. "Lakini gari si nyumba."

Nilimwambia jua limempata. Lakini Jumamosi nilikuwa Kabuchai, nimekaa jikoni kwa mama, namwuliza kama gari ni nyumba. Alinihoji kama hakimu. Humo juu kuna mahali pa kuwasha moto? Hakuna. Kuna kizingiti? Hakuna. Hilo gari litagusa ukuta wa nyumba yenu? Halitagusa, litasimama uani, mbali. Akafikiri mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akasema nyumba ni mafiga na kizingiti, na kitu kisicho na hivyo viwili ni ghala tu, na kama ghala lenyewe lina magurudumu, hiyo ni shauri ya wenye ghala. Atakuja.

Sasa tukaanza kutafuta hema, na hapo ndipo tulipoharibu.

Hema la kwanza tulilipata katika gereji moja ya Kitale. Watalii wawili walikuwa wameendesha gari kutoka kusini ya mbali, likawafia hapo, wakauza vitu vyao na kwenda zao. Lilikuwa hema la kijani, limekunjwa vizuri, na ukilivuta kamba linafunguka lenyewe. Lakini lilikuwa jembamba. Watu wawili wangelala humo ubavu kwa ubavu, na mmoja akitaka kugeuka lazima kwanza waelewane. Dari lake lilikuwa chini, huwezi kukaa wima. Ngazi yake ilikuwa ya vyuma vyembamba kama vidole. Nilisema ni jembamba. Mume wangu akasema ni hema halisi, lina kila kitu chake, hata msumari mmoja haujapotea. Tukalichukua.

Ilikuwa Aprili, na mvua ya Kitale unaijua. Mume wangu akaamua kulijaribu. Kwa watu wake mgeni halazwi mahali ambapo mwenye boma hajalala. Kama kuna kunguni, wamuume yeye kwanza. Akalala humo siku tatu mfululizo. Kila asubuhi alikuwa anaingia jikoni na shingo imekazana, anatoa ripoti: kona ya kushoto inavuja, zipu inaingiza upepo. Alichukua mshumaa akausugulia nta kila mshono, akapanda tena kulala ili ajue kama nta imeshika. Ilikuwa imeshika. Alifurahi kama amezalisha ng'ombe pacha.

Mama alipokuja, kitu cha kwanza nilichokiona ni begi. Kikapu kilikuwepo kama kawaida, lakini mkono wa pili ulikuwa na begi la zipu, na ndani yake, aliponifungulia nione, kulikuwa na gauni la kulalia, blanketi lake na chupa ya matone ya macho. Miaka tisa, na sijawahi kuliona gauni la kulalia la mama yangu nyumbani kwangu. Nililigusa. Akalizunguka gari pole pole, akageuza kichwa huku na huku ili alipate lote ndani ya lile bomba lake. Akashika ngazi. Kisha akauliza, bila kunigeukia:

"Nani amelala humu?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, umevaa hata viatu. Lakini nilishindwa kumdanganya mtu ambaye macho yake yanamwacha. Nikasema ni baba watoto, siku tatu tu, alikuwa anaangalia kama linavuja.

Mama akautoa mkono kwenye ngazi taratibu, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na hataki kuimwaga.

"Basi hicho ni kitanda cha mkwe," akasema.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinifariji mimi, akaniambia chai yangu ya siku hiyo ilikuwa nzuri, akaogesha watoto. Saa tisa alikung'uta leso akaondoka na begi lake, na lile gauni halikuwa limekunjuliwa.

Mimi hasira zangu ziko karibu, huwa sizitafuti. Mume wangu aliporudi jioni nilimwambia maneno. Nilimwambia ana kichwa kikubwa na ndani yake ni dawa ya kupe tupu. Nilimwambia mtu aliyesoma chuo kikuu anajua joto la ng'ombe wa kila mtu na hajui mama wa watu hawezi kulala alipolala yeye. Alikaa kwenye bampa ya Landrova akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini:

"Nilitaka asinyeshewe."

Nilikaa naye hapo kwenye bampa mpaka mbu wakatufukuza, na nakumbuka nilimpenda sana siku hiyo, na nilikuwa bado nimekasirika pia, vyote viwili kwa pamoja.

Hema lile la kijani akampa rafiki yake aliyekuwa akipeleka mbegu Lwakhakha, ambaye mara nyingi hulala huko mpakani akingoja makaratasi. Kisha akatangaza kwamba tutatafuta lingine, na kwamba safari hii mwenye kuchagua ni atakayelilalia.

Bungoma kulikuwa na fundi wa turubai, mzee mnene mwenye cherehani ya kukanyaga, anayeshona mapaa ya malori na mahema ya mikutano ya injili. Hajawahi kushona hema la juu ya gari, lakini alisema aliyefunika lori zima la mahindi hashindwi na bibi mmoja. Mume wangu alimwambia anataka kubwa. Fundi akauliza kubwa kiasi gani, maana keria hiyo si uwanja wa mpira. Mume wangu akaanza kumweleza, na ndipo nikajua alikuwa amewaza jambo hili hata barabarani akienda kazini. Lazima watoshe watu watatu, alisema, kwa sababu mama hawezi kushuka ngazi peke yake gizani na macho yale, kwa hivyo mimi nitalala naye, na kifunga mimba wetu hatakubali kuachwa chini. Ngazi iwe ya mbao, vidato vipana. Na dari liwe juu, mama akikaa aweze kujifunga kitambaa cha kichwa bila kuinama.

Kitambaa cha kichwa, jamani. Mimi aliyenizaa sikuwa nimefikiria kitambaa.

Fundi akasema basi itabidi sakafu ya plaiwudi, na mifupa ya bomba, na jirani yake wa kulehemu aongeze miguu ya keria. Na huyo mama mwenyewe aletwe, apimwe.

Nikamleta mama kutoka Kabuchai. Mume wangu alikuwa amefika mapema, na alipotuona akaenda kusimama nyuma ya lori lililokuwa linangoja turubai, mgongo umetugeukia, kama anasoma namba za gari. Fundi akalaza plaiwudi chini, akachukua chaki, akamwomba mama alale hapo achore. Mama alimwangalia.

"Wewe unataka kunipima sanduku?" akamwuliza. "Mimi bado niko."

Fundi alicheka mpaka chaki ikamtoka, akaomba msamaha mara tatu. Mama akafungua kikapu, akatoa mkeka wake wa kulalia aliokuja nao kutoka nyumbani, akautandaza juu ya plaiwudi. Apime mkeka, akasema, na azidishe mara tatu. Hivyo ndivyo hema letu lilivyopata upana wake.

Kisha wakaanza kulichagua, yeye na mkwe wake, na mimi katikati. Mama anasema akiangalia mawinguni, nimwambie huyo mtu ngazi ilale kidogo, isisimame kama mlingoti. Nyuma ya lori sauti inasema nimwambie mama italala. Mama anasema nimwambie turubai zito, lisipigwe na upepo usiku kucha. Sauti inasema limeshachaguliwa lile la malori. Kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake sawasawa, lakini ilibidi nitembee kutoka huku hadi kule na kulirudia kila neno kama mimi ndiye posta. Mwishowe nikachoka, nikakaa juu ya tairi katikati na kuitikia kwa kichwa tu, na mambo yakaenda vizuri zaidi.

Walikosana mara moja, kwenye dirisha. Mume wangu alikuwa amepanga moja kubwa, upande wa mlima, lenye neti na zipu ndefu. Mama akasema anataka na la pili, upande wa pili. Kutoka nyuma ya lori nikaambiwa nimwambie mama kwamba upande huo ni wa mawio, jua litamwamsha, na turubai lenye mashimo mengi halina nguvu. Mama akakunja mkeka wake.

"Mwambie nataka mawili."

Sauti ya nyuma ya lori ikajibu:

"Mwambie yatakuwa mawili."

Nilidhani ni mambo ya hewa. Wazee wetu wanapenda hewa ipite.

Lilipokamilika lilikuwa la buluu, na kiraka cha kaki pale turubai la buluu lilipoishia. Juu ya Landrova lilionekana kama kioski kilichopanda juu ya mti. Tulipopita nalo Kiminini watu walituuliza tunahubiri wapi. Mume wangu aliliendesha hadi nyumbani na hakuingiza humo hata kidole. Plaiwudi ilipotaka msumari, mimi ndiye niliyepanda na nyundo, yeye chini ananielekeza huku anaangalia mahindi ya jirani. Nikapiga kidole gumba. Godoro la sponji tulilonunua Kitale alikataa kulibeba. Nililibeba kichwani kutoka barabarani, na yeye anatembea kando yangu mikono mitupu, anawasalimia watu. Majirani walimwonaje sijui, na hakujali.

Mama akaja Desemba, mahindi yamevunwa na hewa ni kavu, pamoja na lile begi. Safari hii hakuuliza kitu. Jioni mume wangu alikumbuka ghafla kwamba ana neno na jirani, akaondoka, na mama akapanda. Vidato vilikuwa vipana, mguu wote unatosha. Alikaa katikati ya godoro, akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya bila kuinama, na juu ya kichwa chake kukabaki nafasi ya ngumi mbili. Akalipapasa dari. Akasema kumbe ni chumba.

Tulilala watatu, mtoto katikati. Sikuwa nimelala karibu na mama tangu nikiwa msichana wa darasa la nne. Alikuwa ananukia sabuni ya kipande na moshi, vile vile. Nilifurahi mpaka nikalia, na aliponiuliza nikasema ni vumbi la turubai. Akasema vumbi la turubai ni baya sana, akaupitisha mkono juu ya mtoto na kunishika sikio, kama alivyokuwa akinilaza zamani.

Baridi ndiyo iliyoniamsha. Mama alikuwa ameshaamka, amekaa, kitambaa kichwani. Nikaona tumechelewa, nikatambaa upesi hadi dirisha kubwa nikavuta zipu, na mlima ulikuwepo. Ulikuwepo wote, bila wingu hata moja, unawaka. Nilimwita mama atazame. Alitazama. Akasema ni mzuri, asante, kama mtu anayeshukuru chai aliyoshiba. Kisha akarudi kwenye dirisha la pili, lile dogo, alikokuwa tangu mwanzo, akanionyesha kwa kidole ninyamaze.

Nikasogea nikachungulia kando ya bega lake. Dirisha hilo lilikuwa linaangalia mlango wa nyumba yetu.

Mlango ulifunguka. Mume wangu akatoka na gambuti na koti lake la kazi, taulo kavu begani, ananyata uani, macho ardhini. Ngazi ilikuwa imelowa umande. Akaanza kuipangusa. Alianzia kidato cha juu alichoweza kukifikia, akashuka kimoja kimoja, juu yake na ukingoni, na cha mwisho alikipigia magoti. Akakunja gunia akaliweka chini ya ngazi, mahali ambapo mguu ungekanyaga nyasi mbichi. Akaenda jikoni nje, moshi ukatoka, na baada ya muda akaja na ndoo ya maji moto, akaiweka chini ya mwavokado na kuifunika sinia. Halafu akarudi ndani na kufunga mlango, ili mama mkwe ashuke bila kukutana naye. Muda wote huo hakuinua macho kutazama hema hata mara moja.

Mama alikuwa anamfuata na kichwa chake, anakigeuza polepole asimpoteze kwenye lile bomba. Mlango ulipofungwa akanigeukia.

"Mlima naujua tangu nizaliwe," akasema. "Mtoto wa kike ukishamtoa, unakuja kumwona mchana. Mchana kila mtu ana adabu. Mimi nilitaka kuuona mlango wako ukifunguliwa asubuhi, nione anatoka nani, na anatoka na uso gani."

Nikamwuliza ameona uso gani. Alichukua muda wake kutafuta viatu.

"Sasa naweza kufunga duka," akasema.

Duka lilifungwa baada ya miaka miwili hivi. Aliendelea kuja, na tulimpandisha akiwa haoni tena kitu, si mlima wala mlango. Hakuwahi kumpa mume wangu mkono, maisha yake yote. Lakini kila asubuhi aliyolala kwetu, kabla ya kushuka, alikuwa anaukunjua mkono nje ya hema na kukiweka kiganja juu ya kidato cha kwanza, ambacho mume wangu alikuwa ametoka kukipangusa sasa hivi. Alikiacha hapo kidogo. Kisha anashuka.